Uji Kwenye Tangi la Maji

Asubuhi ya tarehe 28 Desemba, nyumbani Kitanga, nilifungua mfuniko wa tangi la maji la gari langu nikakuta uji. Sitanii. Kilichokuwa mle ndani kilikuwa na rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa, kizito, kinavutika ukikichota kwa kidole, na juu yake kulikuwa na utando unaong'aa. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimeangalia tangi hilohilo nikaona maji.

Kila mwenye gari Tanzania ameshasikia hukumu ya jambo hili hata kama hajawahi kuliona. Oili na maji vikichanganyika, gasketi ya hedi imeenda. Injini imekufa. Anza kutafuta nyingine, na kabla ya kutafuta injini anza kutafuta hela. Hivyo ndivyo wanavyosema vijiweni, na ndivyo nilivyojiambia nikiwa nimesimama uani na kanga mabegani, maana Desemba Kitanga asubuhi ni baridi na ukungu unakaa kwenye migomba mpaka saa tatu.

Lakini nilikuwa na maelezo mengine, ya karibu zaidi, na maelezo hayo yalikuwa na sura ya mtu. Jana yake mdogo wangu wa kiume alikuwa amelipeleka gari Kasulu mjini, kumpeleka mama hospitali kupima macho. Kabla hajaondoka nilimwambia, "Cheki oili. Ukiona imeshuka, ongeza kidogo." Aliporudi jioni aliniambia, "Nimeongeza, dada, kama nusu lita." Sasa kuna oili kwenye maji. Kwenye injini ile mfuniko wa oili na mfuniko wa maji havikai mbali. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuunganisha mambo. Niliyaunganisha.

Nilimwita. "Uliweka oili wapi?"

"Pale pa oili."

"Pale wapi?"

Alinionyesha kwa kidole. Alionyesha mfuniko sahihi kabisa, wenye picha ya kibuyu cha oili juu yake. Nilimwambia hata mimi sasa hivi nikiulizwa ningeonyesha sahihi. Hakujibu. Mdogo wangu ana miaka ishirini na minne, na toka utotoni akionewa huwa ananyamaza, na mimi toka utotoni huwa naushika ukimya huo kama kukiri.

Kisha nikafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Nilipiga picha ule uji, nikaituma kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, nikaandika chini yake: "Kijana wenu kamimina oili kwenye maji. Injini ndiyo basi tena. Heri ya mwaka mpya." Nikaweka na kikatuni cha kucheka, ili isionekane kama nimekasirika.

*

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, ya turbo, gia za mkono, ina lile tundu kwenye boneti ambalo watoto wa Kitanga wanaliita pua. Nililinunua likiwa limeshatumika Japani na baadaye kwa mtu mmoja wa Dar es Salaam, kwa pesa za kwanza za maana nilizowahi kupata. Watu huniuliza mwandishi wa habari anataka nini na gari la mbio. Jibu langu la siku zote ni kwamba mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Impreza, kwa hiyo gari hili limeshathibitisha kwamba linaijua Afrika Mashariki. Jibu la kweli ni kwamba nililipenda tu. Injini yake imelala: pistoni mbili zinatazama kushoto na mbili kulia, zinarushiana ngumi kama mabondia, na inanguruma kwa namna ambayo ukiisikia mara moja utaitambua hata ukiwa umefumba macho.

Kutoka Dar mpaka nyumbani, kwa njia ya Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kibondo na Kasulu, ni zaidi ya kilomita 1,300. Nilikwenda kwa siku mbili. Mshale wa joto haukusogea. Nilifika Kitanga gari likiwa na matope mpaka kwenye vioo, maana kipande cha mwisho si cha lami na gari lenyewe liko chini, na wazee wakaja kulitazama kama wanavyotazama ng'ombe aliyeletwa mnadani.

Kwa hiyo pale uani kulikuwa na mambo mawili ya kupoteza. Gari, ambalo ni la thamani kuliko kitu kingine chochote nilichonacho. Na jambo la pili ambalo asubuhi ile sikuliona.

Ukikaa Kasulu utaelewa kazi ya udereva ina maana gani. Kambi ya Nyarugusu iko wilayani humo toka mwaka 1996, ilipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 wakaja Warundi kwa wingi. Mashirika yakaja nayo na magari yake meupe yenye antena ndefu. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne akakwama, anayejua kuendesha kwenye tope, ile ni moja ya njia chache za kupata mshahara wa kila mwezi bila kuondoka nyumbani. Babu zetu waliondoka. Waha walichukuliwa manamba kwenda kukata mkonge Tanga, na wengine hawakurudi. Mdogo wangu alikuwa na leseni, alikuwa ameomba kazi kwenye shirika moja, na baba mdogo wetu anayeishi Kigoma mjini alikuwa amejitolea kumsemea kwa mtu anayemfahamu.

Baba mdogo yumo kwenye grupu la ukoo. Alijibu ndani ya dakika tano: "Kama gari la dada yake analifanyia hivyo, la watu itakuwaje?"

Watu kumi na moja waliliona jibu lile kabla sijaweka simu chini.

*

Fundi alikuja na bodaboda kutoka Kasulu saa sita mchana, begi la spana mgongoni, gamboti miguuni. Ni mtu wa makamo, mfupi, asiye na haraka. "Mwidiwe," alimsalimia mama, wakajuliana hali kwa Kiha kwa muda ambao niliona ni mrefu kuliko hali yenyewe ya dharura. Halafu akaja kwenye gari, akaegemea bampa, na kwa karibu nusu saa hakugusa spana. Aliuliza.

Gari lilichemka wakati wowote? Hapana. Mshale ulipanda hata kidogo? Hapana. Moshi mweupe kwenye ekzozi, hasa ukiwasha asubuhi? Asubuhi hapa kila ekzozi ina moshi mweupe, nilisema, ni baridi. Unakoma gari likipata moto? Unakoma. Maji yalikuwa yanapungua? Kidogo, toka Dar, naongeza mara mojamoja. Oili je? Kidogo.

"Na huo uji uliuona lini?"

"Asubuhi. Mdogo wangu alimimina oili kwenye maji jana."

"Sijakuuliza nani, dada. Nimekuuliza umeona nini, na lini."

Niliinamisha macho. Hilo ni swali ambalo mhariri wangu wa kwanza aliniuliza mara mia, na mimi nimewauliza wanafunzi wa uandishi wanaokuja kwetu mafunzoni. Umeona nini. Siyo unadhani nani.

Alichota ule uji kwa kijiko cha plastiki akaunusa, akausugua katikati ya vidole. Kisha akafungua mfuniko wa oili. Chini ya mfuniko kulikuwa na kitu cheupe kama krimu, na mimi nikaruka: "Si unaona! Maji yameingia na kwenye oili!"

"Labda," alisema. "Jana hili gari lilikaa siku ngapi bila kwenda mbali?"

Lilikuwa limekaa tu, likiwashwa kwenda dukani na kurudi. Akanieleza kwamba injini inapumua. Ukiwasha kwenye baridi ukazima kabla haijapata moto sawasawa, ule mvuke wa ndani unaganda kwenye sehemu yenye ubaridi zaidi, na sehemu hiyo ni shingo ya kuwekea oili. Unapata krimu chini ya mfuniko, na mtu anauza injini nzima kwa sababu ya umande. "Krimu hii inaweza kuwa ni ugonjwa. Inaweza kuwa ni Kitanga tu."

Basi ukweli wa oili ungetafutwa chini, oili ilikolala. Alilegeza nati ya chini ya injini akakinga matone machache kwenye kifuniko cha chupa. Akamwomba mama kijiko cha zamani na jiko la mkaa. Alipasha kijiko mpaka kikawa cha moto sana, akadondosha tone moja la oili. Kama kuna maji ndani ya oili, alisema, itatatarika kama mboga ikitiwa kwenye mafuta ya moto. Tulisikiliza sote, na watoto wa jirani. Ilitoa moshi kimyakimya. Tone la pili likatatarika mara moja, kidogo, likanyamaza.

"Maji kwenye oili ni machache sana," alisema. "Ila oili kwenye maji ni nyingi. Kwa hiyo tujiulize kwa nini imekwenda upande mmoja."

Hapa ndipo nilipoanza kufurahia, hata nikiwa na hofu yangu. Injini ikiwa inawaka, alieleza, oili inasukumwa na pampu, na presha yake ni kubwa mara kadhaa kuliko presha ya maji. Palipo na tundu kati ya njia hizo mbili, oili ndiyo itakayoingia kwenye maji. Ukizima, pampu inakufa, presha ya oili inaisha, lakini maji bado ni ya moto na yamebanwa na mfuniko. Sasa kidogo hurudi upande wa oili. Kwa hiyo tatizo linaloonekana kwenye maji tu, na kwa mbali sana kwenye oili, ni tatizo la mahali ambapo oili yenye presha inapita karibu na maji.

"Au ni mtu amemimina," nilisema. Bado.

Fundi alimgeukia mdogo wangu, ambaye muda wote alikuwa amesimama pembeni ameegemea ukuta wa jiko. "Kijana, lete ile chupa ya oili uliyoongeza." Ikaletwa. Akamimina kidogo kwenye kiganja: ilikuwa na rangi ya asali, oili mpya. Kisha akatoa uji wote uliofikika kwenye tangi, akafuta kwa kitambaa, akaondoa maji, akasuuza kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, akajaza maji safi, akawasha gari. Dakika kumi na tano, mara linanguruma taratibu, mara anakanyaga mafuta kidogo. Akazima. Tukasubiri lipoe, maana tangi la moto halifunguliwi labda uwe umechoka na uso wako.

Alipofungua, juu ya maji kulikuwa na duara nyembamba nyeusi zinazoelea, zinaungana na kuachana kama matone ya mafuta kwenye mchuzi. Nyeusi ya oili iliyotembea kilomita 1,300, si rangi ya asali ya chupani.

"Huyu hakumimina kitu," fundi alisema. "Oili ya kumiminwa ingekwisha tukishasafisha. Hii inakuja yenyewe."

Mdogo wangu hakusema neno. Aliondoka pale ukutani akaenda kuteka maji mengine.

*

Nimesema mimi ni mwandishi wa habari. Katika Kiswahili chetu cha kazini tuna neno moja linalobeba mizigo miwili: chanzo. Chanzo cha habari ni mtu aliyekwambia. Chanzo cha tatizo ni kitu kilicholileta. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka kumi na sikuwahi kukaa chini nikaona jinsi ilivyo rahisi kupata cha kwanza ukadhani umepata cha pili. Nilikuwa na chanzo: mdogo wangu mwenyewe aliniambia ameongeza oili. Nikakifanya chanzo.

Nilikulia kwenye kabati la vitabu la mjomba, na humo nilimpenda Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyeanza na *Mzimu wa Watu wa Kale* mwaka 1960. Hadithi za upelelezi zinatufundisha kumtafuta nani. Ndiyo raha yake: mwishoni kuna mtu. Fundi alikuwa anafanya upelelezi wa aina nyingine, ambao mwishoni wake kuna tundu.

Na tundu lingeweza kuwa sehemu tatu, alisema, akizihesabu kwa vidole vyenye grisi. Kwanza gasketi ya hedi. Pili, ufa kwenye hedi au kwenye bloku yenyewe. Tatu, kile kipande kidogo kinachokaa kati ya chujio la oili na injini, kinachopitisha maji upande mmoja na oili upande wa pili ili maji yaipoze oili. Magari ya turbo mengi yanacho kwa sababu turbo inaichosha oili kwa joto. Mafundi wanakiita oili kula. Gari langu lingekuwa la gia otomatiki kungekuwa na mlango wa nne, maana oili ya giaboksi nayo huwa inakwenda kupozwa ndani ya rejeta. Lakini ile kwa kawaida ni nyekundu, na uji wake unakuwa wa pinki.

Alichungulia gasketi kwanza kwa njia zisizohitaji kufungua. Aliwasha gari likiwa la baridi, mfuniko wa maji uko wazi, akatazama kama kuna mapovu yanapanda mfululizo: hewa ya moto ikivuja kutoka kwenye silinda huja hivyo. Hayakuja. Alishika hozi kubwa ya rejeta asubuhi iliyofuata kabla ya kuwasha: ilikuwa laini, haijabakia na presha ya usiku. Alifungua plagi zote nne, kazi ya kuumiza mikono kwenye injini iliyolala, maana zinakaa ubavuni na karibu yake hakuna nafasi ya kuzungusha spana. Plagi ya silinda inayoingiza maji huwa imesafishika kupita kiasi, nyeupe, kama iliyooshwa kwa mvuke. Zangu zote nne zilikuwa na rangi moja ya udongo mkavu.

"Kwa hiyo siyo gasketi," nilisema, nikianza kutabasamu.

"Sijasema hivyo. Gasketi inaweza kutoboka kwenye njia ya oili bila kugusa silinda. Hapo hutaona mapovu wala plagi nyeupe." Alifuta mikono. "Lakini gasketi nikiifungua ni siku mbili, na nikifungua bila sababu nakuachia tatizo jipya. Oili kula ni saa moja. Naanza na cha saa moja."

Nimeliandika sentensi hilo kwenye daftari langu la kazi, bila kulipamba.

*

Kilikuwa kitu kidogo, cha ukubwa wa bakuli la mboga la mtoto, mviringo, kina pua mbili za kuingizia na kutolea maji. Kilitoka kikiwa kinachuruzika uji pande zote. Fundi alikiosha kwa petroli, akakikausha. Kwa macho hakikuwa na kasoro.

Aliziba pua moja kwa boliti na kipande cha tyubu, akakaza kwa klampu. Pua ya pili akaivalisha kipande cha hozi, na mwishoni mwa hozi akafunga pampu ya baiskeli. Mama akaombwa karai. Likajazwa maji, kile kipande kikazamishwa, na mdogo wangu ndiye aliyepiga pampu.

Kila mtoto wa Kitanga anajua kinachofuata. Baiskeli ndiyo iliyobeba maharage, muhogo, madumu ya mawese na wagonjwa wa kijiji kile toka tukiwa wadogo, na kila mtoto ameshakaa mbele ya karai na tyubu akisubiri. Pampu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye upande wa oili, ambako hewa haikutakiwa kufika kabisa, likatoka povu moja. Kisha mengine, madogo, yakifuatana kama shanga.

"Pancha!" walipiga kelele watoto.

Ilikuwa pancha. Haikuwa injini. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Fundi alichungulia ndani ya pua ya maji kwa tochi ya simu, akaingiza waya, akatoa unga wa kutu wenye rangi ya matofali na vipande vyeupe vigumu kama vinavyokaa chini ya birika. Akanionyesha kwenye kiganja.

"Unaweka maji gani humu?"

Swali lilikuwa langu peke yangu. Mdogo wangu alikuwa amelijua gari lile kwa siku tatu. Mimi nimekuwa nalo miaka miwili. Kulanti ni ghali, Dar ni joto, na kuna mtu aliniambia kulanti ni ya nchi za barafu. Basi kila maji yalipopungua nilijaza kutoka kwenye bomba la uani ninakopanga. Bomba hilo ni la kisima. Kama umekaa Dar unajua maji ya visima vingi yalivyo: sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya chumvi. Nilikuwa nikiinywesha injini ya alumini maji ambayo mimi mwenyewe siyanywi.

"Ya bomba," nilisema. Halafu, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza, "Ya kisima. Yana chumvi."

Fundi hakunisema. Alisema chuma hiki kina miaka ishirini, na uzee nao una sehemu yake, hakuna anayeweza kuapa ni maji tu. Kulanti, alieleza, haizuii barafu peke yake. Ina dawa ya kuzuia kutu, na hiyo ndiyo ninayoihitaji mimi niliye Dar. "Chumvi inakula taratibu. Haina kelele."

*

Kwetu Kigoma tunajua mafuta. Mawese yapo kwenye maharage, yapo kwenye mikono ya mama, yapo hata kwenye sabuni. Tumekua tukiambiwa mafuta na maji havikai chungu kimoja, na watu wakitaka kusema kuhusu ndugu wawili wasiopatana husema hivyohivyo. Si kweli kabisa. Vikipata joto na kukorogwa kwa nguvu vinachanganyika vizuri sana, mpaka huwezi kuona mpaka wake. Kazi kubwa ni kuvitenganisha baadaye.

Ilituchukua siku mbili. Fundi alipata Kasulu kipande kifupi cha bomba chenye nyuzi kutoka kwenye Impreza isiyo na turbo, ambako chujio linakaa moja kwa moja kwenye bloku, akaniambia nitarudi nacho Dar polepole bila kuichosha turbo, nikatafute oili kula nyingine huko. Hozi mbili za maji akaziunganisha kuwa moja. Kisha likaja zoezi la kuosha: maji ya moto na sabuni ya unga, washa, zima, mwaga, rudia. Tulichimba shimo mbali na mtaro ili uji usiende bondeni. Oili ya zamani jirani aliiomba apake nguzo za uzio, mchwa wasile. Mara ya tisa au ya kumi maji yakatoka yanaonekana. Mdogo wangu ndiye aliyeteka maji yote yale. Nilimwambia apumzike, akasema, "Endelea kumwaga, dada."

Usiku wa mwaka mpya, kabla watu hawajaanza kutumiana salamu, niliandika kwenye grupu. Nilifuta mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa nimeandika "kumbe lilikuwa tatizo la kiufundi," nikaona hiyo ndiyo lugha tunayotumia magazetini tukikosea: kosa halina mtu, na linachapwa ndani, kona ya chini, kwa herufi ndogo. Nikaandika: "Tarehe 28 nilisema hapa kwamba mdogo wangu alimimina oili kwenye maji. Si kweli. Hakumimina. Aliweka oili mahali pake. Kipoza oili kimetoboka kwa kutu, na maji ya chumvi nimekuwa nikiyaweka mimi kwa miaka miwili. Namwomba radhi mbele yenu wote." Nikaweka picha ya karai na mapovu.

Shangazi mmoja alijibu, "Mungu mwema." Binamu aliuliza gari linauzwa bei gani. Baba mdogo aliweka dole gumba.

Nilimpigia simu asubuhi yake, nikamweleza yote tena, taratibu, kama ninavyowaelezea watu ambao nataka wanielewe. Alisikiliza. Akasema, "Sawa mwanangu, nimeelewa." Akaniuliza habari za Dar.

Ile kazi alipata mtu mwingine mwezi Februari. Inawezekana alikuwa na uzoefu zaidi. Inawezekana baba mdogo hakusema neno baya, au hakusema neno lolote, na kutosema ndiko kulikoamua. Nimejaribu kulipima jambo hili kama fundi alivyopima gari langu: nini kimeonekana, lini, upande gani una presha kubwa. Sijapata karai la kulizamisha.

Mdogo wangu sasa anaendesha lori la mazao, Kasulu mpaka Kahama. Hajawahi kulitaja jambo lile. Ila kila akinipigia, kabla ya kuniuliza hali, ananiuliza kwanza, "Dada, umeweka maji gani?" Na mimi namjibu kila mara, kwa ukamilifu, aina ya kulanti na kiasi chake. Anasema, "Haya," ndipo tunaanza kusalimiana.